Maswali Yenu ya Studio: Mbona wimbo wangu unakatika mwishoni kama luku imeisha?

Meseji nyingi mlizotuma mwezi huu zinahusu kitu kimoja, mwisho wa wimbo, kwa hiyo safari hii nimeamua ukurasa mzima tukae hapo hapo. Nimefurahi kwa kweli, maana hii sehemu watu wengi wanaiachia usiku wa mwisho, mtu kakaa wiki tatu anahangaika na kiki na snea, kiitikio karudia mara arobaini, halafu sekunde kumi za mwisho hajazisikiliza hata mara moja. Tuanze na swali lililokuja kwa haraka zaidi maana mwenyewe ana dedilaini.

SWALI: Mambo kaka, mi natengeneza biti chumbani kwangu huku Mbagala, natumia FL Studio kwenye laptop ya kawaida tu. Nina wimbo wa msanii wangu wa kwanza kabisa na distribyuta, yule anayeupeleka wimbo mtandaoni, anautaka Ijumaa. Nikiuplei ndani ya projekti mwisho uko poa, msanii anamalizia neno "narudi" na mwangwi wake unaenda unapotea taratibu, ila nikieksipoti, yaani nikiutoa kuwa faili la WAV, ule mwangwi unakatwa tap! kama luku imeisha. Nimejaribu mara tano. Laptop yangu ina shida au ni mimi?

JIBU: Laptop haina kosa mdogo wangu, na wewe pia hujakosea kitu kikubwa, ni kasehemu kamoja tu hukukaangalia. Programu ikieksipoti haijui kwamba wimbo wako bado unalia, yenyewe inaangalia kipande cha mwisho ulichokipanga kwenye pleilisti, ule ukurasa wa kupangia vipande vya wimbo, kimeishia wapi, ikifika hapo inafunga faili na kwenda zake. Ukiwa unaplei ndani ya projekti rivabu (mwangwi kama wa chumba) na dilei (sauti inayojirudia) zinaendelea kulia ndo maana masikio yako yanakwambia kila kitu kiko sawa, wakati faili lenyewe limeshafungwa zamani.

Dirisha la kueksipoti likifunguka tafuta palipoandikwa Tail, utakuta chaguo tatu. Cut remainder ndo inayokukata, ibadilishe weka Leave remainder, hiyo inaiacha sauti ife yenyewe ndo inafunga faili. Ya tatu, Wrap remainder, usiiguse kwa wimbo, ile inachukua mwangwi uliobaki inaurudisha mwanzoni mwa faili, inafaa kwa watu wanaotengeneza lupu zinazojirudia ila kwako utasikia "narudi" inapita kama kivuli kabla hata intro haijaanza. Wenzangu mnaotumia programu ya Logic mnatiki Include Audio Tail kwenye dirisha la kubaunsi, wa Reaper kuna kisanduku cha Tail unaandika milisekunde, wengi wanakiacha kwenye 1000 ambayo ni sekunde moja tu na kwa rivabu ndefu haitoshi, weka 5000 afu utapunguza baadae. Wa Cubase mnasogeza tu kile kialama cha kulia mbele zaidi maana yenyewe inaeksipoti kilichopo katikati ya vialama viwili basi.

Sasa swali linalokuja ni niache mkia wa urefu gani, na hapa naomba ufanye hivi usiku nyumba ikiwa imetulia. Vaa hedifoni, nenda sekunde kumi za mwisho, msanii akishatamka "narudi" ndo unapandisha volyumu taratibu unaifuata sauti inavyozama. Utashangaa vitu vilivyoko huko chini. Utasikia rivabu inaisha, halafu dilei bado inagonga kidogo kidogo kushoto kulia kushoto, halafu chini yake feni ya chumbani siku mliyorekodi, halafu labda msanii anavuta pumzi ama anaweka simu mezani. Ukimaliza shusha volyumu KWANZA ndo uplei tena, masikio hayana spea. Tuseme rivabu yako umeiseti sekunde 2.5, hiyo namba maana yake ni muda sauti inaochukua kushuka desibeli 60, na ikishashuka hivyo msikilizaji kwenye daladala hasikii chochote tena, ila dilei yenye fidbaki kubwa, yaani inayojirudia mara nyingi, inaweza kwenda mbali kuliko rivabu kwa hiyo usihesabu kwa kichwa, sikiliza na angalia mita. Mita ikishazama chini ya -60 mpe nusu sekunde mpaka sekunde moja hivi ya ukimya, funga. Usiache sekunde nane za kimya ukidhani unampa msikilizaji nafasi ya kutafakari, mtu atadhani simu imezima, na kwenye redio kuna mitambo inayolia alamu ukimya ukizidi.

Kitu kingine, kabla hujaeksipoti zumu nje uone pleilisti yote mpaka kulia kabisa. Kuna siku utakuta kakipande ka otomesheni (ule mstari unaochora ili volyumu au kitu kingine kibadilike chenyewe) au noti moja ya kiki uliidondosha huko baa ya 200 bila kujua, wimbo wa dakika tatu unatoka na dakika saba, nne zote kimya. Mi nimeletewa wimbo wa hivyo niumastie, yaani niuweke sawa kwa mara ya mwisho kabla haujatoka, na mwenyewe alikuwa anashangaa mbona faili limekuwa kubwa.

Na hili ntakuambia maana lilinipata mwenyewe na limenifundisha kuliko darasa lolote. Miaka ya mwanzo mwanzo nilimrekodi dada mmoja wimbo wa kumlilia mama yake, wimbo mzito, alilia kweli kwenye maiki. Tukamaliza usiku, nikamiksi, nikatuma redioni asubuhi. Mchana napigiwa simu, ule mwisho mwangwi unapotea vizuri halafu kwa mbali kabisa inasikika sauti yake anauliza "umeirekodi hiyo?" Ilikuwa imebaki kwenye treki ya vokali ya pili ambayo nilikuwa nimeiziba kwa mkono wakati wa kusikiliza, nikasahau kuikata. Imeenda hewani hivyo. Yule dada hakunisema vibaya, ila nilijisikia nimeuchezea msiba wake. Tangu siku hiyo kila treki ya vokali naikata mwishoni moja moja, naweka kafedi kafupi, yaani sauti inashushwa taratibu mpaka inaisha, siachi chochote kimelala pale kwa kutegemea kwamba hakisikiki.

Ukishaeksipoti usirudi kwenye projekti kusikiliza, fungua lile FAILI. Lihamishie kwenye simu, sikiliza kwa earphone za buku tatu, sikiliza mwisho tu, mara tatu. Maana distribyuta wengi wimbo ukishatoka hawakuruhusu kubadilisha sauti, inabidi uushushe uupeleke upya na kusubiri tena, na msanii wako wa kwanza ndo keshawaambia watu wote kwao ni Ijumaa.

SWALI: Assalaam alaikum kaka. Mie ni mwimbaji hapa Mombasa, nyimbo zangu zina asili ya taarab lakini biti ni za kisasa. Prodyuza wangu anataka wimbo wangu mpya ufifie mwishoni katikati ya kiitikio, ati ndiyo rahisi na ndivyo wafanyavyo wote. Mie sipendi. Beti ya mwisho ndiyo yenye jibu la shairi zima na nataka watu waisikie ikitua. Nani ana haki?

JIBU: Wa alaikum salaam dada yangu. Haki unayo wewe, na nakuambia hivi bila kumvunjia heshima prodyuza wako.

Shairi lenye jibu kwenye beti ya mwisho haliwezi kufedi. Ukifedi unamwambia msikilizaji kwamba maneno yanaendelea ila wewe unaondoka, sasa utaondokaje wakati ndo unamjibu mtu? Kwenye taarab asilia tumezoea vyombo vyote vitue pamoja, fidla, kinanda, ngoma, mwimbaji anafunga na wapigaji wanafunga naye, na kale ka-ukimya kanakofuata ndiko watu wanapotikisa kichwa wakasema ahaa, kumbe. Mwambie prodyuza aandike mwisho kabisa kama anavyoandika intro. Si lazima iwe kitu kikubwa, anaweza kutoa ngoma zote kwenye mstari wa mwisho akabakisha kinanda na sauti yako, akapunguza tempo kidogo kwenye baa mbili za mwisho, noti ya mwisho ya besi na kinanda zikaanguka kwenye silabi yako ya mwisho kabisa, siyo baada yake. Hiyo kazi ni ya nusu saa.

Lakini nisiwe mkali mno kwa fedi, maana ina mahali pake na ina historia tamu. Zile santuri ndogo za 45 zilizokuwa zikitoka Nairobi na Kinshasa, upande mmoja ulikuwa unabeba dakika tatu nne hivi au tano ukibana sana, na bendi zetu wimbo ulikuwa unakwenda dakika nane tisa na sebene lake. Kwa hiyo wimbo ulikuwa unagawanywa, upande wa kwanza unafifia au unakatwa watu wakiwa ndo wamenoga, unageuza sahani, upande wa pili magitaa yanaingia. Wazee wetu walizoea kufifia kule kama ahadi kwamba kuna kitu kinaendelea upande wa pili. Na kabla hata ya mashine, mtunzi wa Kiingereza Gustav Holst kwenye kazi yake ya okestra iliyopigwa mara ya kwanza London mwaka 1918 aliwaweka kinamama wa kwaya chumba cha pembeni, mlango wazi, halafu akaandika mlango ufungwe taratibu bila kelele mpaka sauti zao zisisikike tena. Fikiria mlango unavyofunga sauti, haipungui volyumu tu, zile sauti kali za juu zinatangulia kupotea, kinachobaki ni ule uvumi mzito wa mbali. Kwa hiyo prodyuza akilazimika kufedi wimbo mwingine wako, mwambie akishusha volyumu apunguze na ukali wa juu pole pole na rivabu aiongeze kidogo, itakuwa kama watu wanaondoka na muziki wao barabarani, sio kama mtu kashika kitufe cha redio.

Na makosa ya fedi karibu yote ni mawili. La kwanza ni mstari ulionyooka. Wengi wanachora otomesheni kutoka juu mpaka chini kama rula, lakini sikio letu halisikii hivyo, ukishusha kwa mstari ulionyooka ukifika nusu ya safari umepungua desibeli 6 tu, ukifika tisa ya kumi ndo unafika 20, kisha kile kipande kidogo kilichobaki kinadondoka chote kwa mpigo. Kwa hiyo fedi ya sekunde kumi inasikika kama hakuna kitu kinachotokea halafu ghafla wimbo umetumbukia shimoni. Pinda ule mstari, ushuke mapema kisha ulale taratibu chini, na uipe sekunde nane mpaka kumi na tano kutegemea tempo, na ianze mwanzo wa mstari wa kuimba, sio katikati ya neno. La pili ni mahali pa kufedi. Ukishusha volyumu za treki kabla hazijafika kwenye kompresa na limita za masta, zile zinazobana sauti ya wimbo mzima mwishoni, wewe unashusha zenyewe zinapandisha, hasa masta ikiwa imebanwa sana, utasikia mwisho unabishana na mkono wako, unashuka unagoma unashuka. Fedi ifanyike baada ya limita, na kwenye programu nyingi fada ya chaneli ya masta iko baada ya plagini zake kwa hiyo ukiiotometi hiyo uko salama, au eksipoti wimbo mzima kisha fedi juu ya lile faili.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa kwaya huku Kahama, tumerekodi wenyewe kanisani kwa maiki mbili na mikisa, siku hiyo umeme haukuwepo tukawasha jenereta. Nyimbo zimetoka vizuri ila kila wimbo ukiisha ile "Amina" ya mwisho ikianza kufifia linasikika jenereta linanguruma, halafu kijana wetu wa kompyuta amekata hapo hapo, inakuwa ngurumo, kimya, ngurumo, kimya, wimbo hadi wimbo. Tufanyeje, hatuna hela ya kurudia.

JIBU: Ameni, shikamoo mwalimu. Msirudie, hizo rekodi zinaokoleka kabisa.

Kwanza nieleze kwa nini jenereta linasikika mwishoni tu. Lilikuwepo wimbo wote, ila watu arobaini wakiimba wanalifunika, wakinyamaza linabaki peke yake. Na kinachomkera msikilizaji zaidi ni pale ngurumo inapokatika ghafla kuliko ngurumo yenyewe, sikio lilishalizoea, likiondoka kwa mkupuo ndo mtu anashtuka anajua kulikuwa na kitu. Kwa hiyo kijana asikate. Arudi kwenye rekodi ndefu ya mwanzo, natumaini hajaifuta, aache baada ya "Amina" sekunde nne tano za kanisa likiwa limetulia, kisha afedi sauti na ngurumo pamoja kwa ule mstari uliopinda niliomweleza dada wa Mombasa hapo juu. Vyote viondoke kwa pamoja mkono mmoja.

Kabla ya fedi apunguze ngurumo yenyewe. Kama anatumia Audacity, ambayo ni ya bure, achague sekunde mbili tatu zenye jenereta tupu bila kwaya, aingie Noise Reduction, aichukue kama sampuli, kisha achague wimbo na apunguze desibeli 6, isizidi 9. Akipunguza 24 kwa tamaa sauti za kinamama zitaanza kulia kama zinatokea kwenye bomba la maji, na mwisho wa "Amina" ndo utaharibika wa kwanza maana ndo sehemu laini. Umeme wetu na majenereta mengi yanaenda kwenye hezi 50, kwa hiyo hata kuchimba kidogo kwenye ikwalaiza pale 50 na 100 na 150 kunasaidia sana, besi ya kinanda itapungua kidogo lakini uvumi utatulia. Na asiweke geti, ile inayofunga sauti ikishashuka, mwalimu, tafadhali. Geti itaikatakata ile "na" ya mwisho ya "Amina" kama mtu mwenye kwikwi.

Safari ijayo mkirekodi nakuomba mambo mawili ambayo hayana gharama. Kabla ya wimbo wa kwanza rekodini kanisa tupu nusu dakika, kila mtu kasimama kimya, hiyo ndo itakuwa sampuli safi ya kijana wako. Na wewe mwenyewe ukifunga wimbo usishushe mikono haraka. Nimeona walimu wengi, "Amina" haijaisha ukutani mkono umeshuka, wanakwaya wanapumua, mtu wa soprano anafunua daftari, mpiga kinanda kanyanyua mguu kwenye pedali. Shika mikono juu, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, mwangwi wa kanisa lenu ufe wenyewe, ndo ushushe. Wakikuzoea hata Jumapili mtaona kanisa linavyotulia pale.

SWALI: Niko Muscat, nimetengeneza ala tupu ya dakika mbili, kila nikikata mwisho kinasikika kimlio "tk". Hakuna plagini mwishoni, hakuna kitu. Inatoka wapi?

JIBU: Umekata katikati ya wimbi. Zumu sana mpaka uone mawimbi yenyewe yanapanda na kushuka, utakuta ulipokatia mstari uko juu, spika inaambiwa irudi sifuri kwa mruko mmoja na ule mruko ndo "tk" yako. Kata pale wimbi linapovuka mstari wa sifuri, na juu yake weka kafedi ka milisekunde 5 mpaka 10. Hakasikiki kabisa na kanamaliza kazi. Mwanzo wa faili nao uangalie hivyo hivyo.

SWALI: Kaka, tunaandaa albamu hapa Bujumbura nyimbo tatu za katikati zinaungana bila kusimama, ngoma zinaendelea moja kwa moja. Tukizitenganisha kwa ajili ya kupeleka mtandaoni tunasikia kapengo kati yake. Tumekata sawa kabisa. Na je tupeleke biti 16 au 24?

JIBU: Naomba nikisie, mmezijaribu kwa MP3. Ile enkoda, inayobana sauti kuwa MP3, inafanya kazi kwa vipande vya sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 1152, karibu milisekunde 26 kila kimoja, na inaongeza kaukimya mwanzoni na mwishoni ili vipande vitimie, ndo kapengo kenu hako. Kateni kwenye WAV, kwa sampuli kamili, bila fedi yoyote kwenye maungio, mwisho wa wimbo wa kwanza uwe ndo mwanzo wa wa pili haswa, na mziunge tena kwenye treki moja kuhakiki kabla ya kutuma. Mastieni vipande vyote vitatu kama wimbo mmoja mrefu ndo mkate, mkimastia kila mmoja peke yake volyumu zitapishana kwenye maungio hata kama mmekata vizuri.

Kama distribyuta wenu anapokea 24 pelekeni 24. Akitaka 16 hakikisheni fedi ya wimbo wa mwisho wa albamu imeshafanyika kwanza, kisha ditha, kale ka-kelele kadogo kanakoongezwa kuficha makosa ya kupunguza biti, iwe kitu cha mwisho kabisa mnaposhuka kwenda 16, na iwe mara moja tu. Mkifedi baada ya ditha ule mwisho laini utasikika na kachanga kachanga chini yake, na kwa vile ngoma zenu ni za asili zinafia taratibu sana, kachanga hako katasikika.

Wa Mbagala, Ijumaa ni keshokutwa. Ukikwama kwenye Leave remainder nitumie faili lenyewe la WAV, usinitumie projekti, ntalisikiliza leo leo.